Jua la Kigoma, haidrojeni na mfuko wa mbolea

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, vijana habari za saa hizi. Nimeombwa niongelee haidrojeni ya jua na najua wengi mmekuja mkitegemea niseme itatuwashia taa hapa mjini. Nianze na hilo hilo: kwa taa, simu, hata bodaboda za umeme, betri inatosha na inatosha vizuri. Mimi haidrojeni naitaka kwa ajili ya mbolea.

Inatengenezwaje? Maji ni haidrojeni na oksijeni, ukipitisha umeme yanaachana, haidrojeni inatokea upande wa hasi na oksijeni upande wa chanya. Sio jambo jipya, mwaka 1800 Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walishafanya hivyo kwa betri ya mwanzo kabisa ya Volta. Kilichobadilika ni kwamba sola imeshuka bei sana, unaweza kupata umeme mwingi wa mchana bila kuchoma kitu, wakati haidrojeni nyingi inayotumika duniani leo inatolewa kwenye gesi asilia na kila kilo moja inaachia karibu kilo 10 za kaboni dayoksaidi hewani.

Sasa twende kwenye hesabu, mwenye simu atoe apige na mimi. Kilo 1 ya haidrojeni inakula umeme yuniti 50 mpaka 55, na maji lita 9 bila kuhesabu yanayopotea kwenye kuchuja. Jua la huku kwetu kwa wastani linaleta kama yuniti 5 kwa siku kwenye kila mita moja ya mraba, paneli inakamata kama sehemu ya tano yake, yani yuniti 1. Kwahiyo paneli za mita za mraba 55 hivi zinakupa kilo 1 kwa siku. Hiyo kilo ina nishati ya yuniti 33, sawa na lita 3 na kidogo za dizeli, lakini ukitaka kuirudisha iwe umeme utabaki na yuniti 20 au pungufu. Umeweka 55 umetoa 20! Betri ukiipa yuniti 10 inakurudishia karibu 9. Najua tumeishi na majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi kutufikia, mtu wa Kigoma akisikia nishati safi lazima awaze taa kwanza, ni haki yake kabisa, ila hesabu ndo hiyo.

Kwenye mbolea hesabu inageuka. Chukua mfuko wa urea wa kilo 50, ndani yake naitrojeni ni kilo 23. Kuipata naitrojeni hiyo unahitaji kama kilo 28 za amonia, ile gesi ya naitrojeni na haidrojeni inayotengenezewa mbolea, na kwenye amonia yote hiyo haidrojeni ni kilo 5 tu, naitrojeni yenyewe inatoka kwenye hewa hii tunayovuta. Kilo 5 za haidrojeni ni maji lita 45, yani madumu mawili na robo, na umeme ukijumlisha mpaka wa kutenganisha hewa na kuigandamiza ni kama yuniti 300. Jua, hewa, maji, vyote viko hapa, alafu mbolea tunaisubiri ishuke bandarini Dar, ije na lori au treni mpaka mwisho wa reli, na mkulima wa mahindi kule Kasulu analipia kila kilomita! Mwaka 2022 gesi ilipanda bei Ulaya, vita ya Ukraine ikaingia, mbolea ikapaa mpaka serikali ikaleta ruzuku. Ruzuku ni nzuri, naiunga mkono, lakini ni hela inayotafutwa upya kila msimu na bei yenyewe inapangwa kwa watu wengine huko.

Wataalamu najua mtasema urea inahitaji na kaboni dayoksaidi, ni kweli, ndo maana mimi nalenga CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni isiyohitaji hiyo kaboni dayoksaidi, amonia inatengenezewa amonia naitreti alafu inachanganywa na chokaa ya kusaga.

Na isionekane ni ndoto, Waafrika tumeshafanya. Aswan kule Misri tangu 1960 walikuwa na kiwanda cha mbolea kinachopasua maji kwa umeme wa Nile, na Zimbabwe pale Kwekwe walifanya hivyo toka miaka ya 1970 mpaka 2015. Wote walitegemea umeme wa nguvu ya maji, sisi tunaongeza jua.

Kuna kijana kaniuliza kabla hatujaanza, je hatuwezi kuruka umeme, jua lipasue maji moja kwa moja? Inawezekana, wanasayansi Fujishima na Honda wa Japani walionyesha mwaka 1972 kwa titani dayoksaidi, na 2021 timu ya mwanasayansi Domen, Japani hukohuko, ikaripoti paneli za mita za mraba 100 zinazofanya hivyo nje juani, ila ufanisi uliishia asilimia 0.76. Wanafunzi wa kemia mliopo hapa hapo pana kazi ya kutosha, ila mkulima asisubirishwe.

Usalama mama pale kaulizia na kauliza vizuri. Haidrojeni inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani, kwahiyo usiilundike, itengenezwe na igeuzwe amonia palepale. Amonia nayo ni sumu, inataka vipima hewa na mafundi waliofundishwa, kiwanda kikae mbali na nyumba za watu. Maji ya ziwa letu yana magadimagadi, lazima yachujwe mpaka yabaki maji matupu. Na mitambo ya amonia haipendi kuzimwazimwa kila jioni jua likizama, usiku inataka umeme mwingine, na hapo ndo naitazama Malagarasi, ule mradi wa umeme wa mto wa megawati 49.5. Usiku wa manane mashine nyingi za kusaga zimezimwa na watu wamelala, mahitaji yanashuka, sehemu ya umeme huo ikipewa mtambo mdogo wa mbolea uendelee mpaka asubuhi, tunapata tani za CAN bila dizeli hata tone.