Deni la Dola la Muda Mfupi: Thailand na Korea Kusini Mwaka 1997

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Anayetaka kulinganisha nchi mbili kwa madeni ya fedha za kigeni yanayoiva ndani ya mwaka mmoja huanza kwa kugawanya deni kwa akiba, yaani fedha za kigeni zilizo mikononi mwa benki kuu. Tufanye hivyo kwa takwimu za mwisho wa Juni 1997. Thailand ilidaiwa na benki za nje deni la muda mfupi la dola bilioni 45.6, na akiba yake ilikuwa takriban bilioni 31. Korea Kusini ilidaiwa bilioni 70.2, na akiba yake ilikuwa takriban bilioni 34. Kwa kila dola 1 ya akiba, basi, Thailand ilikuwa na deni la karibu dola 1.5, na Korea zaidi ya dola 2. Kwa hesabu hiyo ingetangulia kuanguka Korea, lakini iliyotangulia ni Thailand, ambayo iliacha kushikilia bei ya sarafu yake, bahti, tarehe 2 Julai.

Hesabu ya kugawanya haikuwa na makosa. Kilichokuwa na kasoro ni namba iliyoitwa akiba, na kila nchi ilikuwa na kasoro ya aina yake.

Benki Kuu ya Thailand ilikuwa imeishikilia bahti karibu na 25 kwa dola kwa zaidi ya miaka kumi. Walanguzi walipoishambulia kwa kuiuza kwa wingi, hasa Mei 1997, benki hiyo iliuza dola sokoni, kisha ikazirudisha vitabuni kwa mikataba ya kubadilishana: nipe dola leo, chukua bahti, na baada ya miezi kadhaa nitakurudishia dola zako kwa bei tuliyopatana. Ni sawa na mhazini wa chama anayeazima fedha usiku wa kuamkia ukaguzi; wakaguzi wanafungua sanduku, wanalikuta limejaa, na mwenye fedha amekaa kibarazani akisubiri waondoke. Ukweli ulipotangazwa Agosti, ahadi hizo zilikuwa dola bilioni 23.4, yaani karibu robo tatu ya ile akiba ya Juni, na hakuna hata dola moja kati ya hizo iliyokuwa imehesabiwa katika lile deni la bilioni 45.6.

Korea haikuahidi dola zake kwa namna hiyo, ilizikopesha nyumbani. Benki Kuu iliweka sehemu ya akiba katika matawi ya nje ya benki za biashara za Korea, na wadai wa kigeni walipokataa kuongeza muda wa mikopo, matawi hayo yalizitumia dola hizo kulipa. Vitabuni ziliendelea kuitwa akiba. Mwisho wa Novemba akiba iliyotangazwa ilikuwa takriban dola bilioni 24, na iliyoweza kutumika haikuzidi sana bilioni 7. (Wengi wanakumbuka zaidi foleni za wananchi waliotoa pete na mikufu yao ya dhahabu Januari 1998, lakini dhahabu hiyo ilikuwa kidogo mbele ya deni.)

Tofauti nyingine ni nani hasa aliyekopa. Karibu theluthi mbili ya mikopo ya Korea kutoka benki za nje ilichukuliwa na benki zenyewe, ilhali nchini Thailand sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya makampuni binafsi. Wadaiwa wachache, tena wenye serikali nyuma yao, ni rahisi kuwakutanisha na wadai wao. Ndiyo maana Januari 1998 wadai wa Korea waliweza kuketi New York na kukubali deni la muda mfupi la benki ligeuzwe kuwa la mwaka 1 hadi 3 kwa dhamana ya serikali. Kwa makampuni ya Thailand, meza moja ya namna hiyo haikuwezekana.

Machi 1999 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha fomu mpya ya kutangazia akiba. Ndani yake mna sehemu ya ahadi za kutoa fedha za kigeni siku za baadaye, kama zile za Thailand, na mstari wa pekee wa amana, kama zile za Korea, zilizowekwa katika benki zenye makao makuu nchini, yakiwemo matawi yake ya nje.