Kuunganisha Transfoma Mbili Sambamba: Tafuta Sifuri Kwanza

Hamjambo mafundi. Leo niko Kisumu, nyuma ya kiwanda cha barafu ya samaki. Transfoma ya zamani, kVA 500, imelemewa na kompresa, kwa hivyo imeletwa ya pili zisaidiane mzigo. Kama huna leseni ya kazi hii, tazama tu. Stima ya volti 11,000 haina pole.

Anza na kibati, kile kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye transfoma. Pangusa vumbi usome. Zote mbili ziwe 11000/433, yaani volti za kuingia na za kutoka bila mzigo (ukiwa na mzigo tunaita 415), na zote Dyn11, yaani namna koili zake zilivyoungwa. Hiyo 11 isome kama mshale wa saa: inaonyesha fezi za upande wa volti ndogo zimesogea kiasi gani kutoka zile za volti kubwa. Dyn11 na Dyn1 haziunganishwi hivi hivi, hata zikifanana rangi na umbo. Kisha tazama asilimia ya impidansi, yaani ukinzani wa ndani wa transfoma. Hapa ni 4 na 4, safi. Zikipishana, yenye namba ndogo hujitwika zaidi ya fungu lake.

Sasa tepu, swichi ya kupandisha au kushusha volti za kutoka kwa hatua, na hapa ndipo wengi huteleza. Hii hugeuzwa transfoma ikiwa imezimwa, imepimwa na kuungwa athi. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha moja hatua moja nyuma, kwenye kinu cha mahindi upande wa Kitale. Hatua moja ni 2.5%. Kidogo, sivyo? Gawanya kwa jumla ya impidansi zote mbili, 4 na 4, yaani 8: ni kama 31% ya ampia kamili za transfoma. Kwa kVA 500 hizo ni zaidi ya ampia 200, zinazunguka kati ya transfoma mbili bila kuwasha hata balbu. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, lakini mita ya kubana, ile inayobana kebo kupima ampia, ilikuwa inasoma 210.

Nyutro ziungwe pamoja kwanza, la sivyo kipimo kinachofuata kitakudanganya. Mkondo wa shoti nao utakaribia maradufu, kwa hivyo breka ziwe za kuuhimili. Washa upande wa 11,000 wa transfoma mpya. Breka yake ya 415 ibaki imezimwa. Jaribu mita kwenye stima unayoijua, maana mita mbovu nayo husoma sifuri.

Vaa glavu. Ncha moja juu ya breka, nyingine chini, fezi ile ile; sifuri maana yake pande zote mbili zinalingana. Nyekundu... sifuri. Njano... volti 1, si kitu. Buluu... sifuri. Ukipata sifuri moja na 415 mbili, kebo mbili zimepishana. Ukipata karibu 240 kwa zote tatu, rudi kwenye kibati.

Washa breka. Tubane sasa: ya zamani 330, mpya 325. Zimegawana vizuri.

Siku ya kuzima moja, anza na breka ya 415, ndipo uzime upande wa juu. Ukizima wa juu pekee, mwenzake ataisukumia stima kwa nyuma, nawe utakuta volti 11,000 kwenye waya uliodhani umekufa.