Namna ya Kusafisha na Kufufua Klarineti Kuukuu ya Mpingo

Karibuni, ndugu watazamaji. Klarineti hii iliyo mbele ya kamera imelala ndani ya kasha lake kwa miaka mingi bila kupulizwa, nami nataka tuisafishe pamoja mpaka itoe sauti tena. Kabla hamjashika bisibisi, tazameni alama zilizogongwa chini ya jina la mtengenezaji. Klarineti nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zina herufi LP au HP. LP ni sauti ya chini, ndiyo inayolingana na ya leo. Yenye HP ilitengenezwa kwa sauti ya juu, noti yake ya A ikiwa na mitetemo takriban 452 kwa sekunde badala ya 440 inayotumika leo, na hata mkiisafisha vipi haitapatana na ala nyingine za bendi. Ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko baada ya kununua pedi mpya, yaani vile vifuniko laini vya vibonyezo vinavyoziba matundu. Hii yetu ni LP, kwa hiyo tunaendelea.

Tenganisheni vipande vitano: kipulizio, kipipa, kipande cha juu, kipande cha chini na kengele. Kipande kikikwama, zungusheni taratibu huku mmeshika mbao, wala si vyuma.

Sasa tunafika mahali ninapoomba msikilize kwa makini. Klarineti ya mfumo wa Boehm, yaani mpangilio wa vibonyezo ulio wa kawaida, ambayo ndiyo wengi wenu mnayo, huwa na vibonyezo 17, na vingi kati yake hurudishwa mahali pake na springi nyembamba kama sindano, ambayo mzizi wake umepigiliwa kwenye kinguzo cha chuma na ncha yake imekaa ndani ya kijishikizo kidogo kilicho kwenye kibonyezo. Msing'oe kibonyezo chochote kabla ya kuifungua springi yake. Chukueni kulabu ndogo, isukumeni ncha itoke kwenye kijishikizo, kisha ndipo mfungue skrubu. Springi hizi ni za chuma kilichokaushwa kwa moto hadi kikawa cha samawati, na zikishapata kutu hukatika zinapopindwa kinyume. Mzizi uliokatikia ndani ya kinguzo hutolewa kwa kusukumwa kurudi upande ulioingilia, na hiyo ni kazi ya saa nzima kwa springi moja. Narudia: springi kwanza, skrubu baadaye.

Kila skrubu inayotoka iwekwe kwenye ubao wenye matundu yaliyoandikwa majina, kwa sababu skrubu mbili zinazofanana kwa macho mara nyingi hutofautiana urefu kwa nusu milimita, na ile ndefu ikiingia mahali pa ile fupi kibonyezo hukaza. Fito ndefu za bawaba zikiwa zimeshikwa na kutu, dondosheni tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila ncha, halafu ziacheni mpaka kesho yake. Bisibisi ijaze mfereji wa skrubu wote. Bisibisi nyembamba huukwangua mfereji, na mkishaupoteza hamna tena pa kushikia.

Vyuma vyote vikishatoka, mbao inabaki peke yake, na mimi huipenda sana hatua hii. Huu ni mpingo, mti unaoota katika nchi kama Tanzania na Msumbiji, nao ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Hata hivyo, uzito huo usiwafanye mdhani kwamba unastahimili kuloweshwa. Mpingo hupasuka pale upande mmoja unapovimba kwa unyevu huku mwingine ukiwa mkavu, kwa hiyo mbao hii haiingii kwenye beseni la maji kwa namna yoyote. Tumieni brashi laini iliyo kavu kuondoa vumbi kati ya vinguzo, mkipita kando ya springi zilizobaki, kisha kitambaa chenye unyevu mdogo tu, na mkaushe papo hapo. Mnaona kitambaa changu kimegeuka cheusi? Si uchafu wote. Watengenezaji wengi wa zamani waliipaka mbao rangi nyeusi, na chini yake mpingo wenyewe una rangi ya kahawia iliyokolea yenye wekundu wa zambarau. Rangi hiyo ikijitokeza, msidhani kwamba mbao imeoza. Mimi huiacha ionekane, kwa kuwa naiona nzuri kuliko weusi wa kupaka.

Matundu ya vidole husafishwa kwa kijiti chenye pamba. Kile kibomba chembamba cha chuma cha kibonyezo cha rejista, yaani kile cha kupandia noti za juu, kilichochomoza ndani ya tundu kuu, kinahitaji waya laini wenye manyoya. Kikiziba, noti ya B bemoli ya katikati hutoka ikiwa imefifia.

Hapa naomba tusimame. Taa ya kamera imeangukia mstari mwembamba unaoanzia kwenye ulimi wa kipande cha juu, yaani ile ncha inayoingia ndani ya kipipa, na kushuka chini. Huenda ikawa ni mshipa wa mbao tu, basi tupitishe ukucha kwa kuukingama. Ukucha unanasa, kwa hiyo huu ni ufa, na mpangilio wa kazi unabadilika, kwani nilikuwa nakaribia kuchukua mafuta. Gundi haishiki kwenye mbao iliyopakwa mafuta, hivyo ufa hutengenezwa kwanza. Nadondosha supaglu nyepesi kabisa mwanzoni mwa mstari na kuiacha inyweke yenyewe ndani, najaza vumbi laini la mpingo juu yake, naongeza tone jingine, na ikishakauka nasawazisha kwa msasa laini. Sogezeni macho karibu: mstari umebaki kivuli tu. Ufa huu haujafika kwenye tundu la kidole. Wenu ukipita katikati ya tundu, mpelekeeni fundi wa ala aufunge kwa pini, maana gundi pekee haitauzuia.

Sasa mafuta. Mimi hutumia mafuta ya lozi, matone machache kwenye kitambaa, ndani ya tundu kuu na nje, kisha naiacha mbao usiku mzima na kupangusa yote ambayo haikuyanywa. Pedi zilowazo mafuta huharibika, na hiyo ndiyo sababu ya kufanya kazi hii vibonyezo vikiwa vimetoka. Ulimi wenye gome la koki pia usiguswe na mafuta haya, kwa kuwa hulegeza gundi yake.

Kipulizio kikuukuu aghalabu ni cha eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa. Kiosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto hukigeuza rangi kikawa cha kijani kibichi chenye ukahawia, na hakirudi tena katika hali yake. Chokaa nyeupe iliyoganda hutoka kwa siki iliyoongezwa maji.

Vibonyezo vingi ni vya aloi ya shaba, nikeli na zinki, na vingine vimepakwa fedha. Visugueni kwa kitambaa cha fedha. Dawa za kusugulia zenye chembechembe humaliza tabaka la juu, hivyo mimi sizitumii.

Kung'oa pedi za zamani ni rahisi: pasheni moto kikombe cha kibonyezo, mbali na mbao, zitajitoa zenyewe. Pimeni kipenyo cha kila kikombe, kwa kuwa pedi za klarineti huanzia takriban milimita 8 hadi 17. Pedi mpya ikae sawasawa kwenye gundi ya moto kabla haijapoa.

Kurudisha vibonyezo ni kinyume cha kuvitoa, kukiwa na tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye kila ufito, na springi zirudishwe kwenye vijishikizo vyake kwa kulabu ile ile, bila kuzipinda kinyume. Kisha kateni ukanda mwembamba wa karatasi ya kusokotea sigara, uwekeni chini ya pedi, bonyezeni kidogo na mvute. Fanyeni hivyo pande zote nne. Pale ambapo karatasi inateleza, hewa inavuja.

Mnapounganisha kipande cha juu na cha chini, bonyezeni pete zinazozunguka matundu ya vidole za kipande cha juu ili daraja linaloviunganisha liinuke, la sivyo litapindika. Zibeni matundu kwa vidole, zibeni chini kwa kiganja, mvute hewa kwa mdomo kutoka juu: mvuto huo unapaswa kushika kwa sekunde kadhaa. Wangu umeshika.

Kwa wiki mbili za mwanzo pulizeni dakika 15 tu kwa siku, na kila mnapomaliza pitisheni kitambaa kikavu ndani ya tundu kuu kabla ya kuirudisha klarineti kwenye kasha.