Kiungo wa Pasipoti Mbili: Mhadhara juu ya Kevin-Prince Boateng, uliotolewa Tononoka, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na jezi zenu. Naona Milan moja pale nyuma, naona Bandari kadhaa, na hilo limenifurahisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya kazi ya mchezaji mwenye uraia wa nchi mbili. Wengi wenu mlidhani nitamleta Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wetu, aliyezaliwa Ostend na kuifungia Ubelgiji dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia la 2014. Origi ni mshambuliaji, na washambuliaji wameshasemwa vya kutosha. Leo nataka kiungo. Tena nataka kiungo mwenye makosa, aliyependwa na kuchukiwa na nchi zake zote mbili.

Na msidhani haya ni mambo ya kwenye runinga tu. Kuanzia Diani mpaka Malindi, ukipitia Mtwapa, ni nyumba ngapi zina mtoto ambaye mzazi mmoja ni Mjerumani au Mtaliano na mwingine ni wa hapa? Mtaani tunawaita pointi faivu, tunacheka, yamekwisha. Siku mtoto huyo anapoonekana anajua mpira ndipo watu wazima wanapoanza kumuuliza: wewe ni wetu au ni wao? Mimi nasema swali hilo halina maana mpaka mtu ajue ni mlango gani uliokuwa wazi siku ile alipotakiwa kuamua. Kevin-Prince Boateng ndiye ushahidi wangu.

Alizaliwa Berlin tarehe 6 Machi 1987, mama Mjerumani, baba Mghana. Baba aliondoka nyumbani mapema, mtoto akalelewa na mama katika mtaa wa Wedding, mtaa wa wenye kipato kidogo, ambako mpira unachezwa kwenye viwanja vya saruji vilivyozungushiwa waya. Baba huyohuyo alikuwa na mtoto mwingine kwa mama mwingine: Jérôme, aliyezaliwa Septemba 1988 na kukulia upande wenye utulivu zaidi wa mji. Wote wawili walipitia chipukizi wa Hertha Berlin. Baba mmoja, mji mmoja, klabu moja. Liwekeni hilo akilini.

Kevin-Prince alikuwa na kipaji ambacho makocha wa Ujerumani walikiona mapema, wakamchezesha timu zao za taifa za vijana mpaka ile ya chini ya miaka 21. Mwaka 2007, akiwa na miaka 20, Tottenham wakamnunua. London ikamlevya. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuwa akicheza, hakuwa na furaha, na siku moja akanunua magari matatu kwa mpigo. Vijana, naona mnatabasamu. Wachezaji wa namna hiyo hata uwanjani Mbaraki nimewaona, ila wao walinunua pikipiki.

Akapelekwa Dortmund kwa mkopo, akarudi. Ikafika kiangazi cha 2009. Ujerumani ilichukua ubingwa wa Ulaya wa chini ya miaka 21 kule Sweden, ikiipiga Uingereza 4-0 kwenye fainali. Katika kikosi kile walikuwamo Neuer, Hummels, Khedira, Özil, Höwedes na Jérôme Boateng. Sita hao wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia mwaka 2014. Kevin-Prince hakuitwa. Akatangaza kwamba Ujerumani basi.

Sasa hapa ndipo sheria inapoingia, na naomba wazazi mnisikilize kwa makini kuliko wakati wa magoli. Tangu 2004, FIFA ilimruhusu kijana mwenye uraia wa nchi mbili aliyecheza timu za vijana za nchi moja ahamie nchi ya pili, lakini kabla hajatimiza miaka 21. Baada ya hapo amefungwa. Mwezi Juni 2009, mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Nassau, kule Bahamas, ukakifuta kikomo hicho cha umri. Hebu pigeni hesabu: Kevin-Prince alikuwa na miaka 22. Kwa sheria ya zamani, Ghana ilikuwa imempoteza kabisa. Mlango ulifunguliwa na wajumbe waliokaa kisiwani kupiga kura, na katika mwaka uleule Ujerumani ilipomwacha.

Na Ghana nayo ilikuwa na shida yake. Michael Essien, kiungo aliyekuwa moyo wa timu, aliumia goti na hangeweza kwenda Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini. Basi tazameni: kijana ameachwa na nchi ya kwanza, nchi ya pili imepungukiwa, na sheria imelegezwa. Mkiniambia aliitikia mwito wa damu, sitabisha, damu ilikuwapo. Ila damu ile ilikuwapo pia mwaka 2007, na hakuna aliyeisikia.

Msimu ule wa 2009/10 alikuwa Portsmouth, klabu iliyofilisika, ikanyang'anywa pointi tisa, ikashuka daraja, na bado ikafika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea. Tarehe 15 Mei 2010, pale Wembley, Boateng akamkwatua Michael Ballack, nahodha wa Ujerumani. Kifundo cha mguu kikaharibika, Ballack akalikosa Kombe la Dunia. Baadaye katika mechi hiyohiyo Boateng akapiga penalti, kipa wa Chelsea, Čech, akaipangua, na mshambuliaji wao Drogba akaimaliza shughuli 1-0.

Fikirieni hali ilivyokuwa Ujerumani. Mtoto wa Berlin, aliyekwisha kuchagua Ghana, iliyo kundi moja na Ujerumani, amemvunja nahodha wao majuma machache kabla ya mashindano. Matusi aliyotukanwa siwezi kuyataja mbele ya mama zangu. Yeye na Jérôme wakaacha kuzungumza. Tarehe 23 Juni 2010, Soccer City, Johannesburg, wakakutana uwanjani, mmoja na jezi ya Ujerumani na mwingine na jezi ya Ghana, ndugu wa kwanza kukabiliana kwenye Kombe la Dunia. Özil akafunga, 1-0, lakini timu zote mbili zikapita.

Siku tatu baadaye, Rustenburg, dakika ya tano, Boateng akauchukua mpira katikati ya uwanja, akawaacha Wamarekani, akafunga kwa mguu wa kushoto. Ghana ikashinda 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Kilichofuata na Uruguay nyote mnakijua: mkono wa Suárez uliozuia bao, penalti ya Gyan kwenye mwamba, na Ghana ikatolewa. Sitaki kukirudia, naona mzee mmoja hapa mbele ameshakunja uso.

Baada ya hapo Milan, na hii ndiyo miaka ambayo mimi humkumbuka zaidi kama mchezaji. Kocha Allegri alimweka nyuma ya washambuliaji, namba kumi asiye namba kumi: mbio, nguvu, mikwaju ya mbali, na akili ya kuingia boksi bila kuonekana. Ubingwa wa Italia ukaja mwaka 2011. Oktoba mwaka huohuo, Milan wako nyuma 3-0 kwa Lecce wakati wa mapumziko. Boateng akaingia kipindi cha pili akafunga matatu ndani ya dakika 14, na mechi ikaisha 4-3 kwa Milan. Kiungo, jamani! Ukitaka kumfundisha kijana maana ya kufika kwenye boksi kwa wakati, mwonyeshe mechi ile.

Januari 2013, mechi ya kirafiki na Pro Patria, timu ya daraja la chini, mashabiki wakamzomea kwa sauti za nyani. Dakika ya 26 akauokota mpira, akaupiga jukwaani, akavua jezi akatoka, na Milan nzima ikamfuata. Miezi miwili baadaye alizungumza Geneva, Umoja wa Mataifa, akaufananisha ubaguzi na malaria. Pasipoti ya Ujerumani ilikuwa mfukoni siku ile ya Pro Patria. Haikumkinga na lolote.

Kwa Ghana, mambo hayakuwa mazuri hivyo. Novemba 2011, akiwa na miaka 24 tu, aliiandikia Ghana barua ya kustaafu timu ya taifa, akisema mwili hauhimili. Mwaka 2013 akarudi, Kombe la Dunia likiwa karibu. Waghana walinung'unika, na mimi naona walikuwa na haki. Hakuwahi kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika hata mara moja. Mechi 15, mabao mawili, Kombe la Dunia mara mbili: hayo ndiyo maisha yake yote na Black Stars. Mwaka 2014 kule Brazil alikutana tena na Jérôme, wakatoka 2-2 Fortaleza. Kisha ukazuka mzozo wa marupurupu, serikali ikalazimika kupeleka fedha taslimu kwa ndege, na asubuhi ya mechi na Ureno, Boateng na mchezaji mwenzake Muntari wakafukuzwa kambini. Yeye alidaiwa kumtukana kocha Kwesi Appiah. Hakuichezea Ghana tena. Siku 17 baadaye Jérôme alikuwa Maracanã akinyanyua Kombe.

Yaliyobaki ni safari ndefu: Schalke, Las Palmas, Frankfurt alikochukua Kombe la Ujerumani 2018, Sassuolo, miezi michache Barcelona kwa mkopo, Fiorentina, Beşiktaş, Monza, na mwishowe Hertha, alikoanzia. Akatundika daluga 2023.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2010, Boateng akiwa Afrika Kusini mwezi Juni, sisi tulikuwa tunajiandaa kuipigia kura Katiba mpya tarehe 4 Agosti. Kabla ya Katiba ile, Mkenya mtu mzima hakuruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Leo Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni Mkenya wa kuzaliwa iwapo mama au baba ni Mkenya, hata kama amezaliwa Hamburg, na Kifungu cha 16 kinasema hapotezi uraia huo kwa kupata mwingine. Jirani zetu wa Tanga, Tanzania, hawana ruhusa hiyo, kwa hiyo binamu wa upande huu na wa upande ule wa mpaka wa Lunga Lunga hawako sawa kabisa.

Na FIFA nayo imelegeza tena, Septemba 2020. Sasa hata aliyecheza timu ya wakubwa anaweza kuhama, iwapo hakuzidisha mechi tatu, zote kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka mitatu, na hakugusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake. Kuna sharti moja ambalo wazazi wengi hawalijui: siku kijana alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano kwa nchi ya kwanza, awe tayari alikuwa raia wa nchi ya pili. Kwa hiyo mama mwenye mtoto Dortmund, usingoje mpaka aitwe na Harambee Stars. Msajili sasa, akiwa bado anacheza chini ya miaka 12, karatasi ziwepo. Akipata uraia mwingine akiwa mtu mzima, sheria yetu ya uraia ya 2011 inamtaka autangaze kwa serikali ndani ya miezi mitatu.

Mechi ya kirafiki haimfungi mtu. Declan Rice aliichezea Ireland mara tatu mwaka 2018, zote za kirafiki, mwaka uliofuata akawa wa Uingereza, na hakuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo mwito ukija, kabla ya kushangilia na kabla ya kulaumu, mpigieni wakala simu mumuulize mambo mawili: mechi hii ni ya kirafiki au ya mashindano, na nani analipa bima kijana akiumia. Haya, kijana wa jezi ya Milan, nimeuona mkono wako tangu Lecce. Uliza.