Kugandishwa Ukifa: Hela Inaenda Wapi?

Haya jamani, leo ni lile swali la kugandishwa mwili ukifa, eti siku moja sayansi ikurudishe. Bei kwanza. Alcor, kampuni ya kugandisha miili kule Scottsdale, Arizona, Marekani, wanataka dola 220,000 kwa mwili mzima, au 80,000 kwa kichwa peke yake. Cryonics Institute ya Michigan ni 28,000 kwa mwanachama wa maisha. Usikimbilie ya rahisi: kikosi cha kukaa tayari karibu na kitanda chako hakimo humo, unakilipia kando. Na kikosi ndicho chenye kazi.

Daktari akishathibitisha kifo, wanakulaza kwenye maji ya barafu, mashine inabonyeza kifua damu izunguke, unapewa heparini damu isigande. Halafu damu inatolewa, inaingizwa dawa inayozuia chembe za barafu, ndipo unashushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri kwenye nitrojeni ya kimiminika. Wakichelewa, mishipa midogo inaziba, dawa haifiki ubongoni, na isipofika barafu inachanachana seli. Hata mambo yakienda vizuri, kwenye baridi hiyo tishu hupata nyufa. Figo ya sungura imewahi kutiwa dawa ya aina hiyo, ikapozwa sana ingawa si hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, ikapashwa, ikapandikizwa na ikafanya kazi. Lakini figo si ubongo, na binadamu aliyerudishwa hayupo.

Mtungi unamokaa mwili hautumii umeme, unaongezwa nitrojeni tu. Unawekwa kichwa chini, ili nitrojeni ikipungua miguu itangulie kuyeyuka. Mbona wanataka hela zote mara moja? Kule Chatsworth, California, miaka ya 1970, ndugu waliacha kulipa na miili ikaoza. Siku hizi sehemu ya hela huwekezwa, faida ndiyo inunue nitrojeni.

Wengi hulipia kwa bima ya maisha, na hapo ndipo watu huumia. Bima ya miaka 20 ukiikata ukiwa na miaka 35, ukifika 55 imekwisha na wewe bado mzima. Chukua ya kudumu, na kampuni ya kugandisha iandikwe kwenye bima yenyewe kuwa ndiyo mpokeaji. Wosia peke yake hautoshi.

Sasa sisi. Ukipanga kustaafu Mbeya au Kisumu, mimi naona usilipe hata senti. Mochari, fomalini, vibali, ndege: ubongo utakuwa umeshaharibika. Ajali nayo, polisi watataka upasuaji wa maiti kwanza. Na kama ndugu hujawaambia, huku kampuni inataka barafu saa hiyo hiyo, kule kwenye grupu la WhatsApp mchango wa kusafirisha maiti umeshaanza.

Anayeweza kufikiria ni mwenye ugonjwa unaojulikana utaishia wapi, anayeishi karibu na hiyo kampuni, na ada za watoto zimeshalipwa. Huyo, kabla ya kusaini, awaulize kwa maandishi: kikosi kitatoka wapi, kitafika baada ya saa ngapi, na nikichelewa kufa wiki tatu, gharama za kunisubiri ni za nani?