Rudisheni Masinia

(Mhadhara kwa wanavikundi vya kuweka na kukopa, Mikindani, Mtwara, kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ambao sijawagusa, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sikukuu isiyoharibu mazingira wala mfuko. Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua naelekea wapi. Naelekea kwenye sinia.

Pesa ya korosho imeingia, au inaingia, au tunaambiwa iko njiani. Ikishafika, wa kwanza kuifaidi ni muuza sahani za kutupa. Mtu kaalika watu 60. Ananunua sahani 60, vijiko 60, vikombe 60, kisha anaongeza za akiba, maana zile za sponji ukizipakulia pilau ya moto zinalegea, inabidi ziwekwe mbilimbili. Bado maji ya chupa ndogo: mtu anakunywa nusu, anasahau ipi yake, anafungua nyingine. Watu hao hao 60, wakila wanne wanne, ni masinia 15. Na sinia halitupwi.

Kuna anayesema moyoni, "Huyu bibi anataka tuonekane hatuna uwezo." Mwanangu, mgeni aliyeshiba hakumbuki alikula kwenye nini. Januari ndiyo utakayoikumbuka wewe, mtoto akidai sare na madaftari. Mwingine anasema kula pamoja ni uchafu. Sawa, toa sahani zako. Zile za maua zilizomo kabatini tangu uolewe zinamsubiri nani, Rais? Na nani ataosha? Vijana wa kiume wana mikono. Kumbi la nazi na majivu havijaadimika hapa.

Mtaniambia plastiki ilishapigwa marufuku. Iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea. Tulilalamika wiki mbili, tukarudi kwenye vikapu, maisha yakaendelea. Sahani na vikombe havikuguswa, ndiyo maana vimejaa mitaroni. Na Desemba ndiyo mvua zetu zinaanza. Ulichotupa mtaroni jioni ya sikukuu, asubuhi kiko baharini. Shukeni hapo chini maji yakitoka, mtazame kwenye mizizi ya mikoko: sponji imekatikakatika vipunje vyeupe, vimenasa kwenye tope, huwezi kuviokota hata ukitaka. Kule ufukweni Msimbati kasa wanapanda kutaga. Kasa hajui sponji si chakula. Ukisema utachoma, moshi ule wenye sumu anauvuta jirani yako na mtoto wake mgongoni.

Kwa hiyo kikundi kinunue masinia, sufuria kubwa na majagi kutoka mfuko wa jamii wa kikundi. Mwanachama anaazima, asiye mwanachama anakodi. Awepo mtu mmoja wa daftari, na chini ya kila chombo mtie alama ya rangi ya kucha. Msicheke! Sinia la mtaa nililikuta limefunika pipa la maji uani kwa mtu, doa jekundu linaonekana kabisa, naye anasema kalinunua sokoni. Nililichukua. Hatusemeshani hadi leo, lakini sinia lipo, na Idi iliyopita limelisha watu. Anayepoteza alipe. Bila hilo, mwaka wa pili hamna chombo.

La pili, vinywaji. Tunanunua makreti ya soda, huku mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yanaozea chini ya mikorosho yetu wenyewe. Tukiyakumbuka, ni kwa ajili ya pombe ya uraka tu. Bibo lina vitamini C kuliko chungwa. Mtasema linakereketa koo. Linakereketa kwa sababu hamlitengenezi: kamua, changanya na maji ya wali yaliyopoa, acha litulie. Ukakasi unashuka chini pamoja na mashapo. Chuja juisi ya juu, chemsha kidogo, tia sukari ukipenda, inywewe siku hiyo hiyo. Ila mtoto aliyevaa nguo mpya asiliguse tunda lenyewe, doa la bibo halitoki.

Nguo mpya nayo ilikuwa mada, lakini Bi Mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu: sare ya kitenge ya kila sikukuu ni mchango usio na risiti. Badilishaneni za watoto, wanakua haraka.

Mkaa. Tanuri la kienyeji linakula kilo nyingi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa, basi msiuchezee kwa maharage ya saa tatu. Yalowekeni usiku kucha. Maganda ya korosho mbichi msiyatie jikoni, mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi unawasha macho.

Na jiko kikapu, lile linalotunza joto chakula kiive bila moto, nimelileta, lipo pale chini ya mwembe. Maharage yaliyolowekwa yalichemka vizuri kwa dakika 15 kabla sijayafunika humo asubuhi. Njooni tufungue, na mje na masinia.