Ukoka na Ndago: Kuyajua Magugu Kabla ya Kuyang'oa

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie magugu ya jamii ya nyasi yanayovamia bustani ya nyasi ya nyumbani, nami naomba tuanze na utambuzi, kwa maana hapo ndipo jasho jingi hupotea bure. Gugu la majani mapana huonekana kwa mbali, na dawa kama 2,4-D, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1940, huliua na kuziacha nyasi zikiwa salama. Nyasi zinapovamia nyasi, mgeni na mwenyeji huwa wa ukoo mmoja, na dawa nyingi zinazomdhuru mmoja humdhuru na mwingine. Hata neno gugu lenyewe hutegemea mahali: aliyepanda ukoka huutunza kwa mapenzi, ilhali jirani yake mwenye nyasi za aina nyingine huuona ukipenya chini ya ua na kumharibia kazi yake yote.

Swali la kwanza basi ni hili: gugu lako huenea kwa mbegu au kwa mizizi na mashina? Yale ya msimu mmoja, kama baadhi ya yale ya jenasi ya Digitaria yenye mashuke yaliyotawanyika mfano wa vidole, hutegemea mbegu tu, na mbegu hizo huota kwa urahisi zaidi mahali palipo wazi panapopata mwanga. Kwa hiyo anayekata nyasi zake hadi udongo uonekane huwa amezifungulia mlango. Nyasi zinazosimama wima zikiachwa na kimo cha sentimita 7 hivi, na zisipokatwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, kivuli chake huzuia sehemu kubwa ya uvamizi. Iko pia dawa ya kuwahi kabla mbegu hazijaota, kama pendimethalin, lakini ikumbukwe kwamba huzuia vilevile mbegu za nyasi unazotaka kupanda.

Magugu ya kudumu ni mtihani mwingine. Ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini yake, na kipande chenye fundo moja tu kinatosha kuanzisha mmea mpya. Mwenye kulima eneo lenye ukoka kwa mashine huwa anausambaza kama mtu apandaye.

Ndago nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowavunja watu moyo. Kwa hakika ndago si nyasi, bali ni jamaa ya mafunjo: zungusha shina lake katikati ya vidole viwili, utahisi kingo tatu. Wakati mmoja, baada ya mvua, nilichimba shina moja kwa koleo, nikaliosha polepole ndani ya ndoo. Chini yake palikuwa na kiazi cheusi kidogo kama njugu, na kutoka hapo uzi mgumu kama waya ukaenda hadi kiazi cha pili, kisha cha tatu, mithili ya shanga. Nilielewa papo hapo kwa nini miaka yote ya kung'oa kwa mkono haikunifaa: uzi ule hukatika, viazi hubaki, na vile vilivyokuwa vimelala kwa kuzuiwa na kile cha mwanzo huamka na kuchipua. Mahali palipoota shina moja huota matatu.

Likiwa doa dogo, chimba pamoja na udongo wake, uuchekeche, kisha uvianike viazi juani hadi vikauke kabisa. Usivitupe kwenye mboji. Likiwa kubwa, kata majani kila yanapochipua, bila kuruka zamu, ili viazi viishiwe akiba. Dawa ya halosulfuron huidhuru ndago na kuziacha aina nyingi za nyasi, mradi usome lebo kwanza. Glyphosate, iliyoingia sokoni mwaka 1974, huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, kwa hiyo ipakwe kwenye doa tu, siku isiyo na upepo, ukiwa umevaa glavu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na ingawa baadhi ya mamlaka za udhibiti hazikukubaliana na uamuzi huo, mimi binafsi huitumia mwisho kabisa, na si mahali watoto wanapochezea.

Kwa wale wanaojiandaa kuanzisha bustani mpya, chungeni sana udongo wa kujazia, kwani ndago huweza kuingia uani pamoja nao. Kabla haujamwagwa, chekecha ndoo mbili tatu kutoka sehemu mbalimbali za shehena, na ukikuta hata kiazi kimoja cheusi, rudisha shehena nzima.